Ukuta wa vumbi la mawe uliosimama wima: uanze kuushusha wapi?

Swali: Nasimamia yadi ya kokoto Lugoba. Tuna lundo la vumbi la mawe lenye kimo cha mita 8, limekaa hapo tangu kabla ya masika. Loda imekuwa ikichota upande mmoja mpaka pametokea ukuta wa mita 20 hivi kwa urefu, umesimama kama umepigwa timazi. Juzi mchana kipande kiliporomoka kikafunika kijiko na matairi ya mbele, kioo cha mbele kikapasuka. Opereta hakuumia. Tuna pia ekskaveta ya tani 20. Mwenye yadi anataka tipa 20 zipakiwe keshokutwa. Tuendeleeje?

Jibu: Pole, ndugu, na mfikishie pole opereta wako. Loda isirudi mbele ya ukuta huo. Atakayeushusha ni mwenye ekskaveta, akianzia juu, mashine ikiwa imekaa mbali na imeinuliwa kwenye jukwaa. Kioo cha loda kibadilishwe kabla haijawashwa kwa kazi yoyote, maana utaihitaji kujenga jukwaa hilo.

Leo hii, kabla ya mashine yoyote kusogea, funga eneo. Pima mita 12 kutoka mguu wa ukuta kuja nje, weka mapipa au tuta dogo la kokoto, na pasipite mtu kwa miguu. Hizo mita 12 si za kubahatisha. Vumbi la mawe likimwagwa kavu hutulia lenyewe kwenye mlalo wa nyuzi 34 au 35, yaani mita 1 kwenda juu kwa kila mita 1 na nusu kwenda mbele. Ukuta wa mita 8 ukianguka ukatafuta mlalo huo, nusu ya juu inakatika na kujaa chini, na mguu mpya wa lundo unakuja kusimama mita 6 mbele ya ulipokuwa. Hapo ni kama limeshuka taratibu. Likija kwa kishindo linakimbia zaidi, ndiyo maana tunazidisha mara mbili. Juu ya lundo nako asipande mtu. Ukingo wa ukuta kama huo unaweza kukatika mita 2 au 3 nyuma ya mahali unapodhani pameshika.

Sasa kwa nini ulisimama miezi yote hiyo, ukaja kuanguka mchana wa juzi? Chota konzi ya vumbi kutoka ndani ya lundo, si lile la juu lililokauka. Lifinye. Litakaa kama andazi, na alama za vidole utaziona. Liweke juu ya jiwe juani, urudi saa nane mchana uliguse kwa ncha ya kidole: linamomonyoka. Hakuna kilichobadilika ila maji. Kati ya chembe na chembe pana utando mwembamba wa maji unaozivuta zishikane, na kwa kuwa vumbi la mawe lina unga mwingi laini, mvuto huo ni mkubwa kuliko wa mchanga wa mto. Ndio uliobeba ukuta wako. Jua likikausha uso wake, utando unakatika. Mvua ikiulowesha kabisa, nafasi zote zinajaa maji, mvuto unatoweka na hapo hapo uzito unaongezeka. Kwa hiyo ukuta huohuo unaweza kuwa salama saa moja asubuhi na kuua saa tisa alasiri, bila mtu kuugusa. Opereta anayesema “mbona jana nilichota hapa hapa” anasema kweli, lakini jana si leo.

Lundo lililopigwa mvua kisha jua lina ubaya mwingine: juu linaganda ganda gumu kama sakafu. Loda ikichota chini, vumbi la ndani linateremka, ganda linabaki limening'inia bila kitu chini yake. Likikatika halimiminiki, linakuja kama ubao. Hesabu ubao wa urefu wa mita 3, kimo mita 2, unene mita 1: ni mita za ujazo 6, na kwa tani 1.6 kila moja unapata karibu tani 10. Paa la kebini ya loda limetengenezwa kuzuia jiwe linaloanguka kutoka juu, na nguzo zake kuzuia mashine isimlalie opereta ikipinduka. Kioo cha mbele hakikutengenezwa kwa lolote kati ya hayo.

Tukija kwenye kazi yenyewe. Ekskaveta ya tani 20 yenye mkono wa kawaida hufika juu mita 9 hadi 10, kwa hiyo kwa karatasi inaweza kufika ukingo wa mita 8 ikiwa chini. Usiingie mtego huo. Mkono ukinyooshwa juu kiasi hicho, ufikaji wake wa mbele unapungua, na mashine inalazimika kusogea mpaka cheni inazotembelea ziwe mita 4 tu kutoka ukutani. Umeshaona kwamba vumbi likianguka linafika mita 6. Dawa yake ni jukwaa.

Lijenge kwa vumbi hilohilo, likichotwa kwenye ubavu wa lundo ambao haujaguswa na bado umelala kwa mlalo wake, au kwenye lundo jingine fupi. Kimo cha mita 1.5, upana wa mita 6 na urefu wa mita 8 juu yake vinatosha: mashine ya aina hiyo ina upana wa mita 3 hivi, hivyo kila upande unabaki na mita 1 na nusu. Pamoja na mbavu zake zilizolala, jukwaa litakula mita za ujazo 110, na nyuma yake mteremko wa kupandia utakula 20 hivi. Kwa loda yenye kijiko cha mita za ujazo 3 ni safari kama 45. Kila tabaka la nusu mita likanyagwe na matairi ya loda kabla ya kumwaga jingine, la sivyo cheni moja itazama na mashine itainama ikiwa imenyoosha mkono. Loda imwage na kusukuma mbele yake ikitokea nyuma ya jukwaa, isizunguke kamwe ikawa kati ya jukwaa na ukuta.

Ukingo wa mbele wa jukwaa uishie mita 5 kutoka ukutani. Kwa hesabu ya mlalo ule, vumbi likishuka lote kwa pamoja litafika ukingo huo likiwa na kimo cha sentimita 70 hivi, na jukwaa ni sentimita 150. Linagonga jukwaa, halifiki kwenye cheni. Nafasi hiyo ya mita 5 ibaki wazi. Likijaa nusu, opereta asimame kwanza.

Jukwaa la kwanza lianzie mwisho wa ukuta, pale unapopungua na kuungana na ubavu uliolala. Ukiutazama ukuta, chagua mwisho wa kushoto kama hali inaruhusu. Kebini ya ekskaveta iko kushoto mwa mkono, na ukienda kushoto kwenda kulia, opereta anakaa upande wa sehemu iliyokwisha kushushwa, huku ukuta mbichi ukiwa ng'ambo ya mkono. Ni jambo dogo ambalo mafundi wengi hawalifikirii. Kutoka kituo kimoja mashine inahudumia mita 6 au 7 za ukuta bila kusogea, kwa hiyo mita 20 ni vituo 3. Kituo cha pili na cha tatu ni kurefusha jukwaa pembeni, tena chini ya sehemu ambayo tayari imelala.

Cheni zielekee ukutani moja kwa moja, zisilale sambamba nao, na magurudumu ya meno yanayozungusha cheni yawe nyuma. Hapo opereta akiona kitu anarudi nyuma mara moja, bila kugeuza. Mwambie aijaribu njia hiyo ya kurudi kabla hajakata kijiko cha kwanza, na ihakikishwe kwamba hakuna tipa wala pikipiki iliyoegeshwa humo.

Ukataji: kijiko kiinuliwe hadi juu ya ukingo, kishuke kikikwangua unene usiozidi nusu mita, kiache vumbi lianguke lenyewe. Kisha kisogee kulia kidogo, kiinuliwe tena. Ganda gumu livunjwe kwa meno ya kijiko kutoka juu, vipande vidogo vidogo. Asikate katikati, asikate chini, hata kama katikati ndiko kijiko kinafika kwa raha. Kukata katikati ni kutengeneza paa jingine linaloning'inia. Wala asiupige ukuta kwa kijiko kama nyundo ili uanguke wote. Ukianguka wote kwa pamoja hakuna aliyepanga uende wapi.

Ukuta ulazwe mpaka ufike mita 1 juu kwa mita 1 na nusu mbele. Ukitaka kujua kazi ni kiasi gani: nusu ya juu inakatwa, nusu ya chini inajaa, yaani pembetatu ya kimo mita 4 na upana mita 6, mita za ujazo 12 kwa kila mita ya ukuta. Kwa mita 20 ni mita za ujazo 240. Ekskaveta yenye kijiko cha mita ya ujazo 1, ikienda kwa uangalifu, inamaliza hayo kwa saa 4 hivi.

Awepo mtu mmoja wa kuangalia tu. Asimame pembeni, nje ya zile mita 12, mahali anapoona ukingo wa juu na pia anaonwa na opereta, akiwa na redio au honi. Asipewe kazi nyingine hata ya kuhesabu tipa. Anatafuta nini? Ufa juu unaokwenda sambamba na ukingo. Uzi wa vumbi unaotiririka bila kuguswa, ambao mara nyingi ndio onyo la mwisho kabla ya kipande kukatika. Mguu wa ukuta unaotokeza tumbo. Doa jeusi la unyevu lililokuwa halipo asubuhi. Akiona mojawapo, honi ndefu moja, na mashine inarudi nyuma kwanza ndipo maswali yaulizwe.

Kazi ianze asubuhi. Mvua ikinyesha, simamisheni, na msirudi mpaka mtu mwenye ujuzi ameutazama ukuta wote upya. Usiku msifanye, taa za mashine zinaangaza kijiko, haziangazi ukingo.

Kuna njia tatu ambazo mtashauriwa na watu wenye haraka, na zote tatu zinaua. Ya kwanza ni vibarua kupanda juu na mitaimbo kuubomoa ukingo: wanasimama juu ya kile kitakachokatika. Ya pili ni loda kukata miguu ya ukuta kisha kukimbia kinyumenyume, na juzi mmeona mbio hizo zinavyoisha. Ya tatu ni kuleta boza la maji na kulowesha ukuta uanguke. Maji yanafanya kazi, lakini hayakwambii saa. Unaweza kumwaga asubuhi, pasitokee kitu, watu wakachoka kungoja wakarudi kazini, ukuta ukashuka jioni.

Mlalo ukipatikana, loda inarudi, lakini kwa masharti. Loda ya ukubwa wa yenu, kijiko kikiinuliwa mpaka mwisho, pini zinazoshika kijiko hicho zinafika karibu mita 4. Hicho ndicho kimo cha juu kabisa cha ukuta unaoruhusiwa mbele yake. Lundo lenu bado lina mita 8 nyuma, kwa hiyo loda ikichota mguuni bila msaada itatengeneza ukuta uleule baada ya siku mbili. Ekskaveta ibaki hapo: inashusha kutoka juu, inarudi nyuma, loda inaingia kupakia kilichoshushwa, inatoka, ekskaveta inarudi. Zisifanye kazi mahali pamoja kwa wakati mmoja. Endeleeni hivyo mpaka sehemu yote ya mbele ishuke hadi mita 4, ndipo ekskaveta iende kwingine.

Loda iingie ikilitazama lundo, isikae ubavu kwa ubavu nalo, maana vumbi likishukia ubavuni linabana mlango na linaweza kuisukuma mashine yenyewe. Ichote mbele yote kwa usawa. Kuchimba mahali pamoja ni kujichimbia pango lenye kuta pande tatu. Kijiko kiingie chini, kikunjwe, kisha kiinuliwe kikipita juu ya uso wa lundo hadi juu, ili kila mchoto uwe pia unapunguza ukuta. Vioo na mlango vifungwe, mkanda ufungwe, redio iwe ndani ya kebini. Tipa iegeshwe nje ya mita 12, na dereva asishuke kufunga turubai mpaka amesogea mbali na mashine. Vibarua wa makoleo wanaokusanya kilichomwagika wangoje mashine zizimwe, na wasikusanye mguuni mwa lundo hata kidogo.

Ikitokea kebini imefunikwa, opereta azime injini, aite kwa redio, akae. Asivunje kioo ili atoke, kwa sababu kioo ndicho kinachomwachia hewa. Walio nje wasikimbilie na makoleo chini ya ukuta uliotoka kuanguka. Kipande cha pili huanguka juu ya waokoaji. Ekskaveta ishushe kwanza kilichobaki juu, ikitokea pembeni, kisha isafishe kuelekea mlangoni, na hatua ya mwisho karibu na kebini iwe ya makoleo na mikono. Mtu aliyefunikwa akiwa kwa miguu ana dakika chache tu. Hata kichwa kikiwa nje, vumbi lililombana kifua linamzuia kupanua mbavu. Fungua uso na kifua kwanza. Usimfunge kamba umvute kwa mashine. Mzigo uliomshika ni mkubwa kuliko viungo vyake vinavyoweza kuhimili.

Haya hayahusu vumbi la mawe peke yake, ila kila kitu kina tabia yake. Mchanga wa mto ukikauka haujifichi, unateremka mara moja. Kokoto safi hazina unga wa kuzishikanisha, kwa hiyo ni nadra kusimama wima, lakini jiwe moja linabingirika mbali. Makaa ya mawe, kama yale ya Ruvuma yanayorundikwa Mtwara kungoja meli, yanaweza kupata joto yenyewe ndani na kuungua yakaacha pango chini ya uso unaoonekana mzima. Na lundo lolote linalotolewa kwa mdomo ulio chini yake, kwenye mkanda au kwenye shimo la kulishia, lisipitiwe juu na mtu wala mashine wakati mdomo unafanya kazi. Buldoza zimewahi kuzama humo zikiwa na waendeshaji ndani.

Kwa malundo yajayo, jengeni kwa tabaka hadi mita 4 tu, kama uwanja unatosha. Mtafaidika pia kwa sababu vumbi halitajitenga, laini likibaki juu na chenga zikibingirika chini, jambo ambalo wanunuzi wa tofali hulilalamikia. Tipa imwage nyuma ya ukingo kisha loda isukume, na ukingoni pawe na tuta linalofika angalau katikati ya tairi la gari kubwa kuliko yote. Upande wa kumwagia uwe mbali na wa kuchotea. Kanuni za migodi za Marekani zina sentensi moja fupi juu ya suala lako, namba 56.9314: kuta za malundo zipunguzwe ili zisilete hatari kwa watu. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamweka mwajiri kuwa mwenye wajibu wa kulinda usalama wa walio kazini kwake, kwa hiyo tukio la juzi liandike kwenye daftari lenye tarehe, saa na picha za ukuta, na uwasiliane na ofisi ya kanda ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Kuhusu tipa 20 za mwenye yadi, mwonyeshe hesabu. Kwa mita za ujazo 12 kila moja ni mita za ujazo 240, sawasawa na zile ambazo ekskaveta itazishusha. Kesho fundi aweke kioo asubuhi, loda ijenge jukwaa kwa saa 2, ekskaveta ianze kituo cha kwanza kabla jua halijawa kali. Keshokutwa saa moja malizieni vituo vilivyobaki kwa zamu ile niliyoeleza, na tipa ya kwanza inaweza kujaa kabla ya saa mbili na nusu. Zikibaki tatu au nne jioni, zipakiwe siku ya pili yake.